Seva ya Majaribio na Njia ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa. Ndiyo, kitambaa cha kufutia vumbi, msicheke. Kompyuta ya ofisi ile ya Manyoni ilikuwa imefunikwa nguo ya kudarizi kama kochi la sebuleni, na Karani Mkuu akaniambia, "Binti, kazi yako ni kuifuta kila asubuhi. Kuiwasha ni kazi yangu." Nami nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu mkononi, mtoto wa muuza vitenge wa Singida mjini, najua kuifungua mashine ile na kuifunga macho yakiwa yamefumbwa. Nikafuta. Nikafuta msimu mzima. Karani Mkuu alipougua na mashine ikakwama siku ya kutoa barua za wilaya, ndipo nilipoifungua nikakuta vumbi limejaa kule ndani ambako kitambaa hakifiki. Tangu siku hiyo nikaitwa fundi.

Kutoka Manyoni nilihamishiwa Kiomboi, chini ya Mhandisi wa Mitambo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ukimwendea na kusema, "Mzee, mashine imeharibika," alikufukuza. "Usiniambie imeharibika! Hata mke wangu anajua kusema imeharibika. Niambie imefanya nini." Basi unarudi, unaiwasha tena, unaangalia taa ipi imewaka na ipi imekataa, unasoma maneno yote kwenye kioo, ndipo unamwendea. Mara nyingi ukishajua imefanya nini unakuta huna haja ya kumwendea tena. Yule mtu alinitesa, na mpaka leo namwombea dua.

Kazi yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya mwisho, Singida mjini, kwenye shirika dogo la kusaidia vijiji kupanga ardhi yao. Hapa mashamba, hapa malisho, hapa ng'ombe wapite kwenda kunywa maji. Mkuu wetu aliitwa Mratibu, mwenyeji wa Kilimatinde, mpole kupita kiasi, mtu wa kumpigia hodi hata mbuzi. Alikuwepo pia Gasper, mpima wetu, aliyetembea na kifaa chake cha kunasa alama za mipaka. Na Kinampanda tulikuwa na ofisi ndogo ya chumba kimoja aliyoitunza Mama Elibariki, mwanamke mtu mzima ambaye sote, pamoja na Mratibu, tulimwamkia shikamoo.

Siku moja Mratibu aliniita. "Mama Seva," akasema, maana jina langu la Zulfa walikuwa wameshalisahau, "nataka tuwe na mahali petu pa kuwekea mafaili. Gasper akiweka ramani Kinampanda, mimi niione hapa."

Nikamwambia programu za kazi hiyo zipo tele, zimekamilika, unaweka na kutumia.

"Nataka iseme Kiswahili. Na ifungue ramani zetu."

Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Seva, kwa wasiojua, ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuwahudumia wenzake. Ukitaka tu kuitumia programu yake, unachukua iliyo tayari. Ukitaka kuibadilisha, lazima upate msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya mwandishi wa programu. Ni kama tofauti ya kununua maandazi na kununua unga. Nilipata programu moja ambayo wenyewe wameuacha msimbo wake wazi, kila mtu achukue na arekebishe, nikaanza kuushusha.

Mtandao wetu siku hizo ulikuwa unadonoa kama kuku. Historia yote ya mabadiliko ya programu ile ilikuwa mzigo mkubwa mno, basi nikaomba toleo la mwisho tu, historia yao wabaki nayo. Likaingia. Nikawasha. Ukurasa mweupe pe! Nikaukumbuka ukali wa Kiomboi: imefanya nini? Seva nzuri huandika kila inapojikwaa, kwa hiyo nikafungua kumbukumbu za makosa nikasoma kwamba inatafuta folda ambayo haipo. Kumbe programu kubwa huwa inaazima vipande vya watu wengine, na ukiushusha msimbo wake vile vipande haviji mpaka uviite. Nikaviita. Ukurasa ukaja, sasa ukalalamika kwamba hauna ruhusa ya kuandika kwenye folda ya data.

Hapo vijana sikilizeni, maana ndipo mnapoharibu. Mkiona neno ruhusa, mnampa kila mtu ruhusa ya kila kitu ili mkanywe chai. Msifanye hivyo. Folda ya data mmiliki wake awe mmoja tu, yaani lile jina ambalo programu ya kutoa kurasa hufanyia kazi, wengine wasiiguse. Nilipolirekebisha hilo, nikaiunganisha na hifadhidata, nikaingia kwenye faili la maneno nikaanza kubadilisha vitufe kimoja kimoja viwe vya Kiswahili. Siku Mratibu alipoona kitufe kimeandikwa "Pakia ramani", alisimama akanipa mkono kwa mikono miwili. Nilifurahi jamani, sitawaficha.

Sasa jambo moja. Ile ilikuwa seva ya majaribio. Na seva ya majaribio hufutwa, ndiyo maisha yake. Ukishabadilisha msimbo unaibomoa na kuijenga upya, majina ya watumiaji yale yale, folda tupu, uone kama inaweza kusimama yenyewe kutoka sifuri. Yetu, kwa idhini ya Mratibu, ilijifuta kila Jumatatu alfajiri. Nililibandika tangazo mlangoni kwa wino mwekundu, nikalisema kikaoni, nikampigia simu hata Mama Elibariki. Wote waliitikia.

Lakini watu wetu mnawajua. Mtu akijenga nyumba, huanza na kibanda cha kukaa wakati wa ujenzi. Nani umemwona akihama kile kibanda? Seva ilipoanza kusema Kiswahili, wote wakahamia. Mafaili yakifutika Jumatatu, walipakia tena kutoka kwenye nakala zao. Niligomba mpaka nikachoka. "Mama Seva, mbona inafanya kazi?" Ndilo jibu walilonipa.

Wakati huohuo huko upande wa Shelui kulikuwa na jambo zito. Wafugaji na wakulima walikuwa wamegombana kwa misimu kadhaa kuhusu njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni kunywa maji. Vijana walishaumizana kwa fimbo. Mwishoni pande zote zilikubali wazee wawili tu waitembee njia ile, na watakapopita wao ndipo utakapokuwa mpaka. Wafugaji walimtoa Mzee Masanja. Wakulima walimtoa Mzee Mkumbo. Gasper alitembea nyuma yao akinasa alama, na wazee wale, waliokuwa hawajasalimiana kwa muda mrefu, walirudi wanacheka.

Gasper alirudi Kinampanda, akaiweka ramani kwenye kompyuta ya ofisi, akahakikisha imepanda kwenye seva. Alipoiona huko akakifuta kifaa chake ili kipate nafasi ya kijiji kinachofuata. Kesho yake transfoma ya Kinampanda ikaungua. Na siku chache baadaye Mzee Masanja akafariki, homa tu, ghafla.

Jumatatu seva ikajifuta, kama ilivyoagizwa.

Gasper alikuja ofisini kwangu amebadilika rangi. "Shikamoo, Mama Seva. Ile ramani ya njia ya ng'ombe siioni."

"Marahaba. Uliiweka wapi?"

Akageuka kulitazama lile tangazo la wino mwekundu mlangoni.

"Gasper! Uliiweka kwenye seva ya majaribio?"

"Niliona inafanya kazi, mama."

Nilitaka kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Kompyuta za Singida zilikuwa zimeshajilinganisha na seva, na seva ilikuwa tupu, kwa hiyo nazo zilikuwa tupu. Ndivyo programu hizi zinavyofanya kazi. Kila kompyuta inajilinganisha na seva, seva ikiongezewa nayo inaongeza, seva ikipunguziwa nayo inauliza kisha inapunguza, na pale ofisini walishazoea kuikubalia. Na nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa binti wa marehemu Mzee Masanja, Kabula, amekuja na gari la mizigo kutoka Shelui kuchukua nakala ya ramani kwa ajili ya mkutano wa vijiji. Ng'ombe wa ukoo mzima walikuwa mikononi mwake sasa, na kiangazi kilikuwa kimeshaanza. Bila mstari ule wasingefika majini.

Tulimweleza. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Sasa Mzee Mkumbo atasema mstari ulipita popote anapotaka. Nani atambishia? Aliyetembea naye tumemzika." Akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mratibu alitoka nje kabisa, hakuweza kuangalia.

Ndipo nilipokumbuka Kinampanda. Kompyuta ile ilikuwa imezimika tangu transfoma iungue! Ilikuwa haijakutana na seva tupu. Ramani ilikuwa bado imo humo ndani, salama, mradi tu isiwashwe ikiwa na mtandao. Mimi nikifika nitaiwasha bila mtandao, ninakili, basi. Nilipiga kelele nadhani, kwa sababu watu waliingia wote.

Simu ya Mama Elibariki haikupatikana, chaji itoke wapi na umeme hakuna? Mratibu akawa na namba ya kinyozi wa pale jirani.

"Mwambie Mama Elibariki asiiguse ile kompyuta," nikasema. "Asiiwashe kabisa!"

Mratibu akafunika simu kwa kiganja. "Mama Seva, yule ni mkubwa wetu. Nimtume kinyozi akamkataze mama mtu mzima kugusa kitu cha ofisini kwake mwenyewe? Mtaani watasema ameiba. Tutamweleza tukifika, tukikaa."

"Bosi, hii si ya kukaa!"

"Umeme hawana. Ataiwasha kwa nini?" Akaondoa kiganja, akamwambia kinyozi kwa upole wake wote, "Mwambie tu tunakuja kuiangalia ile kompyuta."

Umeme kweli hawakuwa nao. Tukaingia kwenye gari la ofisi, mimi, Mratibu, Gasper na Kabula. Tuliacha lami, tukapita mashamba ya alizeti yaliyokauka vichwa chini. Niliomba dua njia nzima.

Tulipokaribia ofisi ya Kinampanda nikasikia mngurumo. Nikashika mlango. "Hiyo ni nini?"

"Jenereta," Gasper akasema.

Mama Elibariki alitupokea mlangoni na vigelegele. Alikuwa amefagia mpaka barabarani. Amechinja kuku, na mlenda uko jikoni. Aliposikia wageni wanatoka Singida kuja kuiangalia kompyuta, aliona aibu waikute imekufa, akaenda kuazima jenereta ya kinyozi. Akaona haitoshi, akaichaji simu yake, akaiwekea kifurushi, akairushia kompyuta mtandao ili wageni wakute kila kitu kiko tayari.

"Karibuni, karibuni! Mashine imeamka vizuri tu," akatuambia. "Ikaniuliza maneno ya Kizungu, nikaona isiwacheleweshe wageni wangu, nikaikubalia."

Nilipita nikaketi mbele ya kioo. Programu ile ilikuwa imeona mafaili yote hayapo kwenye seva, ikauliza: nayafuta na huku? Na mama wa watu akaijibu ndiyo. Nilijaribu kila nilichokijua. Faili lililofutwa mara nyingi hubaki limejificha kwenye diski kwa muda, lakini diski ile ilikuwa ya aina mpya inayojisafisha yenyewe. Nilipata vipandevipande visivyosomeka. Nikageuka nikawatazama wenzangu, nikatikisa kichwa.

Mama Elibariki si mjinga. Alitutazama mmoja mmoja. "Nimefanya nini?" akauliza.

"Hujafanya kitu, mama," Mratibu akamjibu. "Umepokea wageni. Kosa ni langu, nilipaswa kukwambia neno moja nikaona haya." Kisha akavua kofia yake akaketi mkekani. "Tule kwanza."

Tukala. Kuku yule alikuwa mtamu na mimi nilikuwa namlowesha kwa machozi. Kabula hakula. Mama Elibariki alipoelezwa habari yote alimshika mikono akalia naye, na ikawa Kabula ndiye anayembembeleza.

Hakukuwa na njia nyingine ila kuitembea upya, na aliyebaki wa kuitembea ni Mzee Mkumbo. Mratibu alikwenda kumwomba. Wafugaji walinung'unika sana, wakasema huko ni kumpa fisi bucha. Mwishoni wakakubali kwa sharti kwamba Kabula awepo nyuma yake, hatua kwa hatua. Kabula mwenyewe aliniambia njiani, "Mama, naenda kuangalia tunavyonyang'anywa." Nilienda nao kwa sababu nilisema safari hii naliona faili kwa macho yangu, na nimekuja na vitu vitatu tofauti vya kunakilia.

Mzee Mkumbo alikuwa mrefu, mkavu, anatembea na fimbo asiyoiegemea. Alipita kando ya mawe, akashuka korongo, akapandisha, kila baada ya muda anasimama anagonga chini na fimbo, na Gasper ananasa alama. Watu wa pande zote mbili walifuata nyuma. Tukafika kwenye kichuguu kikubwa, na mbele ya kichuguu palikuwa na shamba la alizeti. Mzee aliingia katikati ya alizeti, akagonga fimbo.

"Hapa."

Mwanawe, Yohana, alikuja mbio. "Baba! Hili si shamba langu?"

"Ni lako. Nilikupa mimi."

"Sasa mstari upite katikati yake?"

"Masanja amelala, mimi ndiye mwenye miguu. Utavuna upande huo, huku watapita ng'ombe. Gasper, bonyeza."

Watu wakashusha pumzi. Wafugaji wakaangaliana, wengine wakaanza kutabasamu. Mtu anayelikata shamba la mwanawe mwenyewe, nani atambishia? Gasper akainua kifaa. Ndipo nikamsikia Kabula nyuma yangu.

"Hapana, baba."

Alisogea mbele, akapiga goti kidogo mbele ya mzee kama wanavyofanya kwao, akainuka. "Si hapa. Siku mliyotembea, baba yangu alinisimulia jioni yake, mwanzo mpaka mwisho. Alisema mlipofika kwenye kichuguu mlipita nje, kule. Alisema, nimemwachia Mkumbo alizeti ya mwanawe, naye ameniachia mteremko wa kwenda majini."

Mzee Mkumbo akamgeukia. "Alikusimulia?"

"Alinisimulia."

"Nami nakumbuka," mzee akasema. "Nakumbuka vizuri. Lakini nimelala nikiwaza, nikipita palepale watu watasema Mkumbo amemdhulumu marehemu. Baba yako hayupo kudai. Nikaona heri nizidishe kwenu. Chukueni, mwanangu."

"Sichukui, baba."

"Nimesema chukueni!"

"Sichukui. Baba yangu alishakuachia."

Kaka zake Kabula walikuwa wanamvuta kanga kwa nyuma, anyamaze, mbona mjinga, ardhi hiyo inakuja yenyewe. Aliikung'uta mikono yao. Gasper alinisogelea akaninong'oneza, "Mama Seva, nibonyeze wapi?"

"Nyamaza wewe."

Mzee Mkumbo aliishusha fimbo. Akakaa chini pale pale katikati ya alizeti, fimbo magotini, akalia mbele ya watoto wake na mbele ya watu aliopigana nao. "Bonyezeni anaposema yeye," akasema. Yohana akaja akamwinua. Tukazunguka nje ya kichuguu, Kabula mbele safari hii, mzee nyuma yake.

Jioni hiyo nilinakili ramani ile mara tatu, na baada ya hapo nikajenga seva ya pili, ya kazi halisi, isiyojifuta, na ile ya majaribio nikaifungia watu wote isipokuwa mimi. Mratibu alijifunza kukataza, ingawa mpaka leo anaanza na samahani. Mama Elibariki bado tunatembeleana, na nikienda sitoi taarifa.

Nimestaafu sasa, niko dukani kwa marehemu baba, nauza vitenge na kugombana na wateja. Vijana wa kompyuta hunijia na maswali yao ya ruhusa na vipande na makosa, nami huwauliza imefanya nini, mpaka wanakasirika kama nilivyokasirika mimi. Wakishapata majibu huwa wanapenda kujua kama lile faili la kwanza tulilipata. Hatukulipata, na wala sikulitafuta tena. Mimi kila nikilala huwa namfikiria Kabula pale kwenye kichuguu. Angenyamaza tu. Ng'ombe wake wangepata njia pana, mzee mwenyewe ameridhia, na hakuna kumbukumbu yoyote duniani, ya mashine wala ya mtu, ambayo ingemsuta. Hakunyamaza.